Mtu wa Mwisho Korongoni

Mdogo wangu hajui kuogelea. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu siku ile, kati ya watu watano tuliosimama kwenye mdomo wa korongo, waliolijua walikuwa wawili: yeye na mimi.

Anatengeneza mashine za boti pale bandarini Kilwa Masoko, na tangu utotoni maji yake yaliishia kiunoni. Wenzake wakimtania, hujibu kwamba boti inaogelea kwa niaba yake. Wavuvi kadhaa ninaowafahamu wako hivyo hivyo, ila hakuna anayewauliza, maana mtu wa pwani haulizwi kama anajua maji. Mimi pia sijui, lakini siku ile mimi nilikubali dumu la kuelea nalo.

Posa yake ilikuwa imekubaliwa katika familia ya wakulima upande wa vilima, mbele ya Mitole, na harusi ilikuwa inangoja ufuta uvunwe. Kaka wa mchumba alipiga simu akatualika tukapite korongoni, matembezi ambayo vijana wa kule huyafanya kila mvua zinapokatika. Maji ni ya magotini, alisema. Tulikwenda kwa bodaboda mbili, tukamalizia kwa miguu katikati ya mashamba ya ufuta, mpaka ardhi ilipopasuka mbele yetu. Ulikuwa ufa mwembamba katika mawe ya chokaa, mbuzi angeuruka, na kutoka chini kabisa ilipanda sauti ya maji kama ya watu wanaoongea chumba cha pili.

Walikuwa wametutangulia: kaka mtu, wifi yangu mtarajiwa, na shangazi yao, mama mnene mwenye kanga mbili alizozikaza juu ya suruali. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akivikagua viatu vyangu. Kaka mtu akaanza kugawa madumu matupu ya mafuta ya kula, ya njano, vifuniko vimekazwa, kila moja na kamba yake ya kulivaa begani. Juzi ilinyesha, akaeleza. Mbele kuna dimbwi ambalo miguu haifiki chini. Akamnyooshea mdogo wangu la kwake.

"Mpe shangazi awe nayo mawili," mdogo wangu akasema. "Shemeji, mtu wa pwani unampa dumu?"

Wakacheka. Shangazi akasema afadhali mwaka huu wamepata samaki, maana waposaji wengine wote walikuwa kuku. Nilimtazama mdogo wangu. Alitikisa kichwa kidogo sana, ishara ninayoijua tangu tukiwa watoto: usiseme. Kisha akaomba awe wa mwisho katika mstari. Shemeji yake alikubali upesi, kama mtu aliyetaka kuomba hilo hilo.

Tuliteremka kwa kamba juu ya jiwe laini ambalo maji yalikuwa yakililamba. Lilikuwa na utelezi wa ute wa bamia. Mtu anashuka hapo, hapandi tena. Mdogo wangu alifika chini amesimama, akatazama tulikotoka, halafu akatazama tunakokwenda.

Kwa kuwa korongo lina kona nyingi na mtu hupotea machoni baada ya hatua chache, wana utaratibu wao. Aliye mbele anaita "Mpo?" na kila mmoja anaitikia "Nipo," kwa zamu, mpaka wa mwisho. Zaidi ya hapo hatukusema mengi, wala hakuna aliyeagiza tunyamaze. Ndani mle sauti yenyewe inataka kushuka. Kuta zilikuwa nyeupe chini, zimelainishwa na maji kama mashavu, na juu zilikuwa za kijani kwa mimea na majani yaliyoning'inia. Mbingu ilibaki mkanda mwembamba. Mwanga ulipokuwa ukitufikia ulikuwa umeshapita kwenye majani yote hayo, kwa hiyo tulitembea katika rangi ya maji ya dafu, na harufu ilikuwa ya ndani ya mtungi. Mizizi ilishuka kutoka juu na kuishia hewani. Kipepeo mmoja mweusi alitangulia mbele yetu kwa muda mrefu, kisha hakuwepo.

Maji yalikuja kwenye vifundo, magotini, mapajani. Niliacha kuyahisi kuwa baridi. Niliacha pia kuhesabu kona, nami ni mtu wa kuhesabu.

Dimbwi lilianzia mahali ambapo kuta zilikaribiana hata viwiko viliweza kugusa pande zote mbili. Shemeji aliingia kwanza, amelikumbatia dumu kifuani, akipiga teke kama chura. Shangazi akafuata juu ya madumu yake mawili, kanga zikimfuata nyuma kama mikia. Kisha wifi, kisha mimi. Nilielea chali bila kufanya chochote. Mkondo ulinibeba polepole chini ya ule mkanda wa mbingu, na masikio yakiwa ndani ya maji nilisikia mlima mzima ukivuma. Sikujua muda. Kisigino kilipogusa mchanga ndipo nilipokumbuka nani amebaki nyuma yangu.

"Mpo?" shemeji akaita.

Shangazi yupo. Wifi yupo. Mimi nipo. Baada yangu yalisikika maji tu. Akaita tena.

"Nipo," sauti ya mdogo wangu ilitoka nyuma ya kona, ikagonga kuta kabla ya kutufikia. "Nipo huku huku. Shemeji, mimi sijui kuogelea."

Shemeji aliketi juu ya jiwe. Nilidhani amekasirika.

"Hata sisi hatujui," akasema, kwanza kwa sauti ndogo isiyoweza kufika, kisha kwa sauti kubwa. "Hata sisi hatujui! Tulikuweka nyuma ili anayezama umdake."

Kicheko cha kwanza kilitoka kule kule nyuma ya kona. Kisha shangazi, mpaka akashika ukuta. Lakini kicheko hakikumvusha, na ule mkanda wa mbingu ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Mvua ikinyesha huko juu, maji ya korongo hayangoji mtu. Shangazi alilitupa dumu lake la pili kuelekea kwenye kona. Likaelea likarudi. Akalitupa tena, na kila mara lilirudi taratibu, kama mtoto aliyekataa kutumwa.

Wifi yangu akaliokota. Mpaka siku ile maneno yote kati yake na mdogo wangu yalikuwa yamepitia kwa watu au kwa simu. Alijifunga dumu lake kiunoni, akavaa la pili begani, akaingia majini akijivuta kwa nyufa za ukuta dhidi ya mkondo. Kona ikammeza.

Tulisikia minong'ono mirefu. Mpaka leo sijui walisema nini, na nimewauliza wote wawili.

Walitokea polepole. Mdogo wangu alikuwa chali, dumu kifuani, macho ameyafumba kabisa, na wifi nyuma yake ameishika kamba ya dumu lile. Maji yalikuwa kimya na ya kijani, nao walikuja bila haraka, kama watu walioletwa na usingizi.

"Mpo?" shemeji aliuliza kwa upole, ingawa alikuwa anawaona.

"Tupo," wifi akajibu.

Jioni, nyumbani kwao, nguo zikiwa bado na unyevu, baba wa mchumba aliuliza kama ni kweli mkwe wake anaogelea kama samaki. Mdogo wangu aliangalia wali. Kila mtu aliangalia wali, isipokuwa shangazi.

"Anaelea vizuri," akasema, akaomba mchuzi.

Wameoana sasa. Juzi nilipita bandarini nikamwona ameinamia mashine, spana mkononi, amevaa boya la rangi ya machungwa, mikanda yote imefungwa. Boti ilikuwa bado imefungwa kwenye gati, na maji yamekupwa. Ilikuwa imelala ubavu juu ya mchanga mkavu. Nilimuuliza anaogopa nini. Akasema haogopi kitu, ila wifi yangu leo yuko sokoni, na anaweza kupita wakati wowote.