Mwalimu Josia na Ndugu Zake wa Kigoma

Mara ya kwanza kufanya biashara na mwalimu Josia Luhende nilimbana bei mpaka akatoa jasho. Ilikuwa Sapiwi, si muda mrefu tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua pamba, na mizani yangu ilikuwa imevuta foleni. Josia alifika na mkokoteni wa ng'ombe, akashusha mafurushi, akaomba mtu wa kumshikia upande wa pili. Hakuna aliyeshika. Foleni nzima ilisogea pembeni, na kina mama waliokuwa wakicheka wakanyamaza.

Mimi nimekulia gulioni. Nikiona muuzaji hasalimiwi, najua hana mnunuzi mwingine. Nilishika furushi mwenyewe, nikapima, nikataja bei ya chini kabisa.

"Mama Justina," akasema, "hiyo ni bei ya kumwibia maiti."

"Kwani maiti ana mnunuzi mwingine, mwalimu?"

Akaitazama foleni, kisha akanitazama mimi. "Haya, chukua."

Sikumhurumia, ila nilitaka kujua. Mtu akitengwa na kijiji kizima, mfanyabiashara lazima ajue sababu, maana kesho anaweza kutengwa yeye. Kisa chake nilisimuliwa na yeye, halafu na wengine, na hawakupishana sana.

Josia aliwahi kufundisha Kigoma. Huko aliingia msituni akamwona sokwe akivunja kijiti, akakipukutisha majani kwa midomo, akakitumbukiza kwenye tundu la kichuguu na kutulia. Mchwa wakakiuma kile kijiti kwa hasira, sokwe akakivuta, akawala. Aliporudi kwao Sapiwi alilieleza darasa: si mtu peke yake anayetengeneza zana; na wataalamu wanasema sisi na sokwe tulitoka shina moja, zamani sana, tukaachana. Watoto walifika nyumbani na maneno mafupi zaidi: mwalimu anasema babu zetu ni masokwe.

Wa kanisani walikasirika kwa ajili ya Adamu. Wa matambiko walikasirika kwa ajili ya mababu. Watu waliokuwa hawakai benchi moja wakakaa benchi moja kumhukumu Josia. Mwenyekiti wa kijiji, Januarius Mahona, ndiye aliyewachekesha.

"Sokwe ana zana? Aje alime basi, tuone!"

"Wewe unayo jembe," Josia akamjibu, "na limeota kutu."

Kijiji kilicheka zaidi, na hapo ndipo alipojichongea. Jembe la Januarius lilikuwa na kutu kweli. Wazee walitaka Josia atoe dume la ng'ombe liliwe, yaishe. Akakataa. "Nitoe ng'ombe kwa kusema nilichokiona?" Basi Januarius akasimama akatamka adhabu mbele ya sungusungu, walinzi wa kijiji: Josia asisalimiwe, asipewe moto, asisaidiwe kazi wala msiba. Atakayemsalimia atatoa dume. Na ili aonekane mtu wa haki, akaongeza mwenyewe: "Hata nikiwa mimi."

Kisha Milembe, mke wa Josia, akaugua akafa. Kaburi lilichimbwa na Josia na mkwe wake aliyetoka Sola. Jua kali, ardhi ngumu, na vijana wa kijiji wamekaa ng'ambo ya njia wakitazama. Januarius alipita na baiskeli, akasimama kwenye ua wa minyaa.

"Waite ndugu zako wa Kigoma waje wachimbe," akasema. "Si ulisema wana mikono?"

Josia aliponieleza hayo hakulia. Alisema tu, "Hilo nitamlipa." Nikamwamini. Mimi pia nilikuwa na langu na Januarius: ndiye aliyewaambia wakulima kwamba mizani ya mwanamke haina baraka.

Mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa imekufa siku nyingi. Watu waliendesha baiskeli hadi Bariadi mjini, na mvua zikianza mto unakata njia. Nilileta mashine ya dizeli, leseni kwa jina langu, na nikamweka Josia kuiendesha. Watu waliniona nimechanganyikiwa. Fundi mwenye marafiki huwasagia bure. Josia hakuwa na rafiki hata mmoja.

Nyanda, kamanda wa sungusungu, alinifuata akiwa na fimbo yake.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "huyu katengwa."

"Mashine ni yangu, kamanda. Wanasaga kwangu. Wasimsalimie, nani kawaomba?"

Akafikiri. Mkewe alikuwa akitwanga kwa kinu tangu mashine ya kijiji ife, na nadhani mikono ya mkewe ndiyo iliyomjibu. "Haya. Lakini salamu, hapana."

Josia akaweka sharti lake. "Mimi msiongee nami. Ongeeni na mashine. Anayetaka unga aiambie: sokwe ni ndugu yangu."

Nilidhani watakimbia. Jenifer, mjane mwenye mdomo, akatua gunia, akaisogelea mashine. "Sokwe ni ndugu yangu," akapaza sauti, "na marehemu mume wangu ndiye alikuwa sokwe mwenyewe!" Foleni ikaangua kicheko. Tangu hapo wakawa wanasema kama watu wanaokohoa, na unga unatoka.

Ila gunia la nyumbani kwa Januarius halikusagwa. Alimtuma mkewe, Josia akalirudisha. Akamtuma binti yake, likarudi vilevile. "Mwenye mji aje mwenyewe," Josia aliiambia mashine, kila mtu akisikia.

"Unanifukuzia mteja," nikamkemea.

"Mama, mtu wa kwetu anaweza kuomba kitu bila kusalimu?"

Nikafikiri. Hawezi. Hata mwizi akikuomba maji, atakusalimu kwanza, atauliza ng'ombe, atauliza watoto, ndipo aseme kiu.

"Kijiti nimeshakitumbukiza," Josia akasema. "Sasa natulia."

Alisubiri mpaka mto ukafunga njia ya Bariadi, na mpaka wakwe watarajiwa wa Januarius, watu wa Mwamapalala, walipofika na ng'ombe wa mahari ya binti yake. Mji umejaa wageni na ndani hakuna unga. Kuazima kwa majirani siku wakwe wamekuja? Afadhali kufa. Asubuhi ile Januarius akaja mashineni mwenyewe, shati la kanisani, gunia la mtama begani, na wakwe wawili nyuma yake waliotaka kuiona mashine.

Foleni ilimfungulia njia. Nyanda alikuwa ndani yake, akiwa ameshika ndoo ya mahindi ya mkewe. Josia akazima injini. Josia ni mkubwa kwa Januarius kwa umri, na wakwe walikuwa wakitazama kama mwenyeji wao ana adabu. Januarius akatua gunia, akainama kidogo, akatoa salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

Josia hakuitika. Akajifuta unga kwenye nyusi, polepole.

"Mwangaluka," Januarius akarudia, kwa sauti zaidi, kwa sababu mzee asipoitika huwa hajasikia.

"Mara mbili, kamanda," Jenifer akasema.

Ndipo Januarius alipoelewa. Niliona uso wake ukibadilika. "Nyanda," akasema, "hii ni dharura. Nina wageni."

"Ulisema hata ukiwa wewe," Nyanda akamjibu. "Sisi tulikuwepo."

"Mwache sokwe awe na mikono," Josia akasema, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Januarius tangu msibani. "Wewe una ulimi. Umekutosha?"

Vijana walilichukua dume jeusi kutoka katika ng'ombe wa mahari, mbele ya waliolileta. Likachinjwa siku ileile. Binti aliolewa, lakini wakwe walisimulia habari hiyo njia nzima, na kabla ya mavuno Januarius hakuwa mwenyekiti tena.

Wazee wakamwendea Josia: ng'ombe kachinjwa, na wewe umefunguliwa, njoo ule. Hakwenda. Alitaka Januarius naye atengwe, asalimiwe na mbwa wake tu. Nyanda akakataa, ng'ombe akishaliwa neno limekwisha. Basi Josia akakitenga kijiji yeye mwenyewe. Walimsalimia, hakuitika. Sharti la mashine akaliongezea maneno, akawataka waseme na jina la Milembe na kwamba walimwacha. Hapo hawakucheka tena. Njia ilipokauka wakarudi kwenye baiskeli na mashine za Bariadi.

Nilimwambia ukweli: kisasi chako umekipata, sasa kinakula dizeli yangu. Aache sharti au aache mashine. Akaacha mashine. Alikwenda Sola kuishi kwa mkwe wake, na nasikia huko halimi wala hafundishi, anakaa.

Januarius husaga kwangu. Nimemwekea bei ya mgeni, ya juu kuliko ya kijiji, na hulipa bila kubishana.