Kikohozi cha Mkwe

Mume wangu alikuja Tanga kutoka Mombasa kutengeneza makochi ya harusi ya binamu yake, akagongewa muhuri wa miezi mitatu pale mpakani Horohoro. Makochi yalikwisha, fundi akabaki. Akanioa, tukapata binti, binti akaota meno, na ule muhuri umelala ndani ya pasi ya kusafiria, na pasi imelala kabatini chini ya mashuka. Hakuwa anajificha. Bibi yake mzaa mama amezikwa Tongoni, na nusu ya akina mama wa Ngamiani anawaita shangazi, kwa hiyo kichwani mwake alikuwa kwao. Nilipomkumbusha habari ya muhuri aliniuliza, "Sasa mimi hapa ni mgeni wa nani?" Nikaona ana hoja. Tulikuwa tumekutana wapumbavu wawili.

Siku alipotaka kuvuka mpaka kwenda kwenye harusi ya dada yake, halua mkononi, aliulizwa alikuwa wapi muda wote huo. Akajibu kwa fahari, "Kwangu." Alirudi jioni na notisi ya kuondoka nchini. Halua tuliila wenyewe, na sikusikia utamu wake.

Tukakata rufaa. Hoja yetu ilikuwa moja tu, kwamba mke na mtoto wake wako hapa, na akiondolewa hatujui atarudi lini. Cheti cha ndoa tulikuwa nacho, lakini pale uhamiaji walishaona ndoa nyingi za kupangwa, kwa hiyo walitaka na mtu anayeishi nasi aje aseme anachokijua. Mtu huyo ni mama yangu, maana nyumba ni yake.

Mama ni Mbondei wa Pongwe, na mambo yake ni ya kizamani. Kwake, mama hamtazami mkwewe usoni, hali naye, wala haketi naye chumba kimoja. Nyumba yenyewe ni ya vyumba vya huku na huku na ukumbi katikati, kwa hiyo wanapishana kwa ishara. Mume wangu akifika mlangoni hukohoa, mama hujifunika kanga akatokea uani. Mama akitaka kupita hugonga mwiko kwenye sufuria, mume wangu akageukia ukutani. Tangu nimeolewa hawajawahi kugongana. Jirani mmoja, muuguzi mstaafu, aliwahi kunivuta pembeni akanishauri nimpeleke mume wangu akapimwe kifua.

"Mama," nilimwambia, "safari hii itabidi umwone."

"Nitasema yote wanayotaka. Kumwona kwa nini? Kwani nakwenda kumnunua?"

Tukaenda hivyo hivyo, binti yetu nimempakata. Afisa alikuwa kijana wa bara, mpole, akampa mama shikamoo na kiti kizuri. Mume wangu aliambiwa asubiri nje kwenye benchi. Mama alijieleza vizuri mpaka nikamwonea fahari. Alisema mkwewe anapenda samaki wa kupaka na hali bamia, kwamba mtoto akilia usiku ni yeye anayeamka kwanza, na kwamba akishona makochi huimba vibaya. Afisa akauliza ameyajuaje yote hayo. "Namsikia," mama akasema. Afisa akaandika, nami nikaanza kupumua.

Kisha akamwita mume wangu aingie. Na mume wangu, kwa adabu zake zote, akakohoa mlangoni.

Mama akainuka, kanga usoni, akatoka kwa mlango wa pili. Mlango ule haukuwa wa kutokea nje. Ulikuwa wa stoo ya mafaili, naye akaingia akajifungia humo.

Afisa akanitazama. "Dada, huyu mama anamwogopa huyu bwana?"

"Hamwogopi. Anamheshimu."

"Watu wanaoheshimiana hawakimbiani."

"Kwetu wanakimbiana," nikasema, na sauti ilinitoka kali kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nimewakasirikia wote, afisa kwa kutokuelewa, mama kwa stoo, na mume wangu kwa kikohozi. Nikaeleza mila yenyewe, nikajisikia natunga uongo. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu kwamba hawezi kuandika kuwa shahidi anamtambua mtu ambaye hajawahi kumtazama. Bila shahidi, rufaa yetu haitasimama. Mume wangu alikuwa amekwisha kugeukia ukutani kama afanyavyo nyumbani. Binti yetu mapajani mwangu alikuwa anamwita baba yake, na baba yake hakugeuka. Nikaogopa kweli.

Mlango wa stoo ulikuwa wa mbao nyembamba, mama alisikia yote. Akatoka. Akaenda akasimama nyuma ya mume wangu, akaishusha kanga kutoka usoni mpaka mabegani.

"Geuka," akamwambia.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia mkwewe ana kwa ana. Mume wangu akageuka polepole, macho chini. Mama akamtazama. Sijapata kuona mtu akiona haya kiasi kile bila kuondoka.

"Ndiye," akamwambia afisa, macho yakiwa bado usoni pa mkwewe. "Ndiye mkwe wangu."

Kisha akanigeukia mimi, sauti imeshuka. "Mbona amekonda hivi? Hukuniambia."

Nikalia pale pale. Nilikuwa nalala na mtu huyu na kuamka naye, na sikuwa nimeona. Notisi ile ilikuwa inamla siku zote hizo, naye ananichekesha tu.

Rufaa ilikubaliwa. Kibali kimegongwa kwenye pasi, na pasi sasa inakaa juu ya kabati mahali pa kuonekana. Kikohozi kimerudi mlangoni, mwiko umerudi kwenye sufuria, na habari za siku ile hakuna aliyezitaja tena. Ila chakula cha mume wangu siku hizi mama anapakua mwenyewe, huko uani, na mkwewe akishamaliza kula siruhusiwi kuiosha sahani mpaka nimpelekee mama aione.