Kikombe cha Maji ya Imana

Asubuhi ya ukungu, Muyinga, katika duka la muuza vyombo Mwislamu, nilimwona mama mmoja aliyekulia Tanzania akiinua kikombe taratibu kwenye mwanga wa mlango, akitafuta ufa.

"Iko mgeni anakuja, mama?" muuzaji aliuliza.

"Ni cha maji ya Imana. Mama yangu alimwachia Mungu maji kila jioni, apate ya kufinyangia watoto tumboni. Changu kimevunjika."

"Si we ulisema hauombi tena?"

"Tangu nimzike mwanangu, sisemi na Mungu."

"Na maji unamuwekea?"

"Nimemnunia, baba. Sijamfukuza."

Muuzaji alikifuta kikombe kwa pindo la kanzu, ndani na nje. Nilirudi Gitega nikituwaza sisi tunaomsemesha Mungu mchana kutwa, bila kumwekea hata tone.