Wimbo Nilioupiga Pasi

Wewe unayenisikiliza, sogea kidogo, nitakueleza polepole. Ukipita Tunduma Jumamosi ukakuta matarumbeta yakisindikiza msafara wa harusi, huenda ukasikia wimbo mmoja mtamu, ulionyooka, unaotembeka. Watu wanaupenda sana. Mimi ndiye niliyeuharibu.

Ni utunzi wa mzee mmoja wa Isansa, aliyepiga gitaa la solo katika bendi ya jazi ujanani. Siku hizi analima kahawa, na vidole vyake vimekakamaa. Aliniimbia nyimbo zake sebuleni kwake, nikazirekodi kwa simu ili nichague zinazokifaa kikundi chetu cha matarumbeta.

"Chagua unazotaka, mwalimu," aliniambia. "Ila huo wa chumvi usiuache. Nataka niusikie nikiwa bado na masikio."

Kuhamisha wimbo wa gitaa kwenye matarumbeta si kazi ya kutisha. Unampa kila mtu kipande anachokiweza: tarumbeta linashika sauti ya mwimbaji, tromboni linajibu, tuba linatembea chini. Tatizo lilikuwa pigo la nne. Lilichelewa kidogo kila mara, na wapigaji wangu, waliozoea kupiga huku wakitembea, wakawa wanakanyagana.

"Mwalimu, huu wimbo unachechemea," alilalamika mpiga tromboni, anayevuka mpaka kutoka Nakonde kuja mazoezini. "Bibi harusi ataanguka, mukwai!" akamalizia, kwa neno la heshima la kwao.

Nikalivuta pigo la nne likae sawa na mengine. Nilidhani mzee alichelewa kwa sababu ya uzee tu. Sikumuuliza. Jioni hiyo wimbo ukateleza wenyewe.

"Sasa umeupiga pasi!" mpiga ngoma akanisifu, nami nikavimba kichwa.

Tukamwalika mzee. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani, akasikiliza hadi mwisho, akapiga makofi kwa moyo wote.

"Mmepiga vizuri, wanangu. Huo ni wa nani?"

Kikundi kizima kikaangua kicheko. "Mzee ana utani huyu!" Lakini yeye hakucheka. Alikuwa anangoja jibu.

"Ni wako, baba," nikasema. "Ule wa chumvi."

Aliigeuzageuza kofia yake.

"Mama hakutembea hivyo," akasema. Alipokuwa mdogo alimfuata mama yake akitoka Ivuna na kikapu cha chumvi kichwani. Kila baada ya hatua tatu mzigo uliyumba, na mama aliuacha mguu hewani mpaka mzigo utulie. "Nilikuwa nyuma, naangalia visigino vyake. Hapo ndipo nilipochelewesha gitaa." Kisha akanishika bega. "Lakini hata hivi unapendeza, usijali."

Heri angenifokea.

Nimeshalirudisha pigo mahali pake, lakini wenye harusi wanautaka ule ulionyooka, na kila Jumamosi nasimama mbele ya kikundi nikiuongoza. Jumapili ijayo tunakwenda Isansa kumpigia wimbo kama alivyoutunga. Tunafanya mazoezi bila vyombo, kwa miguu tu, na wapigaji bado wanaiwahi hatua ya nne.

Nisaidie kuutunza. Simama hapo ulipo, weka kitabu kichwani. Tembea hatua tatu. Ya nne, inua mguu, na usiushushe chini mpaka kitabu kitulie.