Nyuma ya Pikipiki ya Mchungaji

Mume wangu alikuwa mchungaji wa makanisa manne, na katika hayo manne hakuna hata moja lililokuwa na mlango. La kwanza lilikuwa kwenye mashamba ya skimu ya makazi nyuma ya Diani, la pili lilikuwa juu Kwale, la tatu Msambweni, na la mwisho Lunga Lunga, karibu na mpaka. Yote yalikuwa ni nguzo, mabati machache na mabenchi ya mbao. Waumini walikuwa watu wa bara kama sisi, waliokuja pwani kutafuta ardhi au kazi: wakulima wa mahindi, wapishi na walinzi wa mahoteli, akina mama wa kuuza mitumba.

Tulikuwa tumepanga chumba Ukunda, lakini kwa kweli tuliishi juu ya pikipiki. Ilikuwa kuukuu, ndefu, ya kupitia njia za mashambani. Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Nilikaa nyuma, leso moja kiunoni na nyingine kichwani, na mfuko wa vitabu vya nyimbo ukiwa umebanwa kati ya tumbo langu na mgongo wake. Hatukuwa na watoto. Majirani wa Ukunda walisema ni hiyo pikipiki, kwamba mwanamke hawezi kutikiswa hivyo kila wiki akashika mimba. Mimi niliwaacha waseme. Nilipenda ile safari. Nilipenda kupanda mlima wa Kwale kutoka Kombani wakati ukungu haujaondoka, na kuteremka Msambweni mnazi kwa mnazi, yeye akiimba kwa sauti kubwa na upepo ukimrudishia maneno usoni. Wakati mwingine alikatiza wimbo akaniuliza, bila kugeuza kichwa, "Umelala?" Nami nilimgonga begani kumwambia kwamba niko macho.

Mwaka ule wa uchaguzi, machafuko yalipoanza Likoni, sisi tulikuwa Lunga Lunga. Tuliondoka huko asubuhi tukijua kidogo tu, habari za redio ya mwenye duka. Kadiri tulivyokaribia Ukunda ndivyo tulivyokutana na watu wanaokwenda kwa miguu. Mwanamume alikuwa amebeba godoro kichwani, mwanamke amebeba cherehani kama mtu anavyobeba mtoto. Mume wangu alisimama kwa kila aliyemtambua. Mmoja wao alikuwa mpishi wa hoteli, mwimbaji wetu wa sauti ya chini.

"Rudini mlikotoka," alituambia. "Wabara wanaambiwa waondoke. Vibanda vinachomwa."

"Na wale wa skimu?" mume wangu aliuliza.

"Mchungaji, mimi nimeangalia roho yangu tu."

Chumba chetu tulikikuta kizima. Mwenye nyumba, Mdigo mzee, mwenyeji wa pwani ile, alikuwa amekaa kizingitini kukilinda, na tulipomwamkia aliitikia marahaba huku akitazama chini kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Lakini vyumba vya pembeni vilikuwa wazi na vitupu. Jumapili iliyofuata mume wangu alivaa kola yake ya uchungaji, akapiga pikipiki teke ikawaka.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Ibada."

"Nani atakuja?"

"Hilo si langu kulijua."

Kwenye skimu kulikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia mahali palipolimwa. Mahindi yalikuwa yamekauka mashambani bila kuvunwa. Mbuzi wa mtu alikuwa amefungwa kwa kamba yake, amekufa hapo hapo alipofungwa. Kanisa halikuguswa. Tuliingia, nikaketi benchi la mbele, naye akasimama mahali pake. Nilidhani atasali sala fupi tuondoke. Akaanza ibada yote. Alitangaza wimbo, tukauimba sisi wawili. Alisoma neno. Alihubiri akitazama mabenchi ya nyuma, mkono wake ukinyooka kama siku zote kuwaonyesha watu ambao hawakuwepo. Ilipofika wakati wa kusalimiana alishuka, akanipa mkono, akasema, "Amani iwe nawe, mama." Hakuwahi kuniita mama. Niliona aibu, kama mtu aliyeingia kwenye chumba ambamo mwenzake anavua nguo.

Tulifanya hivyo Kwale na Msambweni pia, kwa majuma kadhaa. Kwale walikuja wazee wawili. Msambweni hakuja mtu. Nilimwambia tupumzike, akaniambia mchungaji hapumziki kondoo wakiwa hawajulikani walipo. Ndipo akaamua kuwafuata.

Tulisikia kwamba wengi wa skimu wamefika Voi na kubaki huko, kwa kuwa nauli iliwaishia. Tukavuka feri, tukashika barabara ya Nairobi. Safari ile ilikuwa kavu na ndefu. Baada ya Mariakani malori yalitupita kwa nguvu hata pikipiki ikayumba, na nyika nzima ya Taru nilikuwa na vumbi mdomoni. Gurudumu la nyuma lilipasuka tukiwa mbali na mji wowote. Akaliziba kando ya barabara, mimi nimesimama juani kumfanyia kivuli kwa leso. Hakuimba hata mara moja. Nilimgonga begani mara kwa mara ili ajue nipo, lakini hakuuliza.

Voi tuliwakuta kwenye ua wa ghala la zamani, wamejenga vijumba vya maturubai. Walitukaribisha. Mama aliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani alitupikia chai ya rangi, akatupa kigoda kimoja tukae kwa zamu. Mumewe alikuwa ameuawa kwenye machafuko. Tulikuwa hatujui mpaka alipotuambia yeye mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mume wangu aliweka kikombe chini, akainuka, akafungua mikono kama anavyofanya kabla ya kuomba.

"Mchungaji," yule mama akasema, "usituombee."

Alisimama vile vile, mikono wazi.

"Hatukukasirikii wewe," akaendelea. "Umetoka mbali, na Mungu akulipe kwa hiyo safari. Lakini usiku ule tuliomba. Mume wangu aliomba kuliko sisi sote. Kunywa chai yako uketi tuzungumze habari nyingine."

Akashusha mikono. Tulizungumza habari ya mvua, kwamba huko pwani mawingu yamekuwa mazito kuliko kawaida. Tulipoondoka walimsindikiza mpaka barabarani, wakamshika mkono mmoja mmoja. Hakuna aliyemuuliza lini atarudi.

Mvua ile mliokuwepo mnaikumbuka. Ilianza kunyesha ikasahau kukoma. Tulikuwa tumerudi Ukunda, na mume wangu hakuwa akizungumza ila kwa mambo ya lazima, lakini siku moja alisema lazima afike Lunga Lunga kabla njia haijakatika. Nilipanda nyuma kwa sababu niliogopa kumwacha peke yake. Tulipita Msambweni chini ya maji, macho hayaoni mbele, na tulipofika Ramisi tukakuta mto umepanda juu ya barabara. Malori ya mpakani yalikuwa yamepangana, madereva wamejikinga chini yake wakipika sima. Mume wangu alishuka, akatembea mpaka ukingoni, akasimama hapo akitazama maji ya rangi ya udongo yanayobeba migomba. Alikaa sana. Nilimfuata nikamshika mkono, nikaukuta una moto wa homa.

Kumrudisha mpaka Ukunda hakukuwezekana. Nilisukuma pikipiki, yeye akiishikilia kama mkongojo, mpaka mwanamke mmoja wa kijiji cha Munje aliyekuwa akirudi kutoka kuuza samaki wa kukaanga kwa madereva akatuona.

"Mwenda wapi?" akauliza.

"Ukunda, mama. Shikamoo. Mume wangu mgonjwa."

"Marahaba. Ukunda leo hufiki. Twendeni kwangu, mvua haina mwenyewe."

Alikuwa mjane, nyumba yake ya udongo na makuti, vyumba viwili na ukumbi. Alitupa chumba kimoja na kitanda cha kamba. Alipoiona ile kola iliyolowa aliniuliza, "Huyu ni padiri?" Nikamwambia ndiyo. Nilitazamia uso wake ubadilike. Akasema tu, "Basi mvue hiyo, itamkaba," akaenda kuchemsha maji ya mwarobaini.

Malaria ilimkamata vibaya. Mwezi wa Ramadhani ukaingia tukiwa pale pale, mto bado umejaa. Jioni yule mama alituletea sehemu yetu ya futari, muhogo wa nazi na uji wa pilipili manga, na mimi nilikula naye ukumbini. Homa ilipopungua mume wangu aliweza kuketi, lakini mchana kutwa hakutia kitu mdomoni.

"Padiri afunga nasi?" yule mama akaniuliza, kwa heshima kabisa.

"Hafungi, mama. Hana hamu."

Akatikisa kichwa. "Mgonjwa wa mwili nimemuuguza. Huyu ana mengine, na hayo mimi sina dawa yake. Mwombee mwenzio."

Nilijaribu. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikaanza, naye akageukia ukutani. Sijui kama alikuwa ananikataa mimi au yule niliyekuwa nikizungumza naye. Niliacha katikati ya sentensi, na tangu hapo sijapata kuimalizia.

Maji yalipopungua tulirudi Ukunda. Kola yake sikuiona tena. Mahoteli mengi ya Diani yalikuwa yamefungwa au yamebaki na wageni wa kuhesabika, na waliokuwa na kazi walikuwa wakirudishwa majumbani, kwa hiyo hakukuwa na kibarua cha kumtafutia. Yeye aliendesha. Asubuhi aliwasha pikipiki akaenda skimu, akasimama mbele ya kanisa bila kuzima injini, akarudi. Kesho yake Kwale. Keshokutwa Msambweni. Nilikwenda naye mara chache, mwanzoni. Hatukushuka. Nilimwambia, "Tuingie basi hata tukae kidogo," akasema, "Kufanya nini?" Halafu akageuza. Mafuta aliyapata kwa kubebea watu mizigo njiani. Kila nilipouliza anatafuta nini alisema kwamba akikaa kitako anasikia kelele masikioni, na injini huzifunika.

Nilianza kubaki nyumbani. Nilifua nguo za watu. Nilimsikia akiondoka na nikamsikia akirudi, na safari zikawa ndefu, mpaka ikawa anarudi siku ya pili. Siku moja hakurudi siku ya pili, wala ya tatu. Mwenye nyumba alinishauri nipige ripoti, nikapiga. Askari alinisikiliza, akaniambia wanaume wengi siku hizi wanaondoka.

Ni dereva wa lori aliyeniletea habari, baada ya miezi. Alikuwa amezibiwa pancha upande wa Tanzania, mbele kidogo ya Horohoro, na mtu mwenye pikipiki ndefu, anayezungumza kama Mkamba, kama mume wangu. Nikapanda lori lake safari iliyofuata.

Nilimkuta ameinama juu ya beseni la maji, anazungusha tyubu kutafuta povu. Alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi. Aliniona, akamaliza kuzungusha, akaweka alama kwa chaki pale palipotoboka. Kisha akasimama.

"Karibu," akasema. "Umekula?"

"Nimekuja kukuchukua."

"Kaa kwanza."

Alininunulia wali na maharagwe kwa mama ntilie wa pembeni, akanitazama nikila. Nilimweleza habari za Ukunda. Nilimwambia kwamba baadhi ya watu wa skimu wameanza kurudi, kwamba mpishi yule amerudi, kwamba wanaulizia ibada. Nilikuwa nimeihifadhi habari hiyo njia nzima kama mtu anayebeba yai. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Watapata mtu," akasema.

"Na mimi?"

Alitazama mikono yake myeusi kwa mpira na gundi. "Wewe ukinitazama unamwona mchungaji," akasema. "Huku wananiita fundi. Fundi ninaweza kuwa. Kurudi siwezi, mke wangu. Ningeweza, ningekuwa nimerudi."

"Basi nitakaa huku."

"Usikae. Nitaondoka na huku pia. Ninajijua."

Sikulia. Nilikuwa nimelia njiani, na yaliyobaki hayakutoka. Jua lilipopinda aliitoa pikipiki nyuma ya kibanda, ile ile, kiti kimeshonwa kwa nyuzi za gunia. Alinipeleka mpakani. Ni mwendo mfupi. Mgongo wake ulikuwa mifupa mitupu, na nilijishika kwenye chuma cha kiti badala ya kumshika yeye. Kwenye kizuizi nilishuka. Aliniuliza kama nina maji ya kunywa njiani. Nilikuwa nayo. Akaniambia, "Wasalimie," akageuza, akaenda.

Lori nililolipata Lunga Lunga lilikuwa la machungwa. Dereva aliniona nikitazama nyuma, akauliza yule aliyenileta ni nani. Nikamwambia ni mume wangu, ana kazi upande ule. Akasema kazi ni kazi, akaongeza moto.

Mwaka uliofuata nilituma mtu amtafute. Kile kibanda kilikuwa na fundi mwingine, kijana wa Tanga, aliyesema mwenzake aliondoka na pikipiki yake kuelekea Korogwe bila kuaga. Baada ya hapo sikutuma mtu tena. Kanisa la skimu lilipata mchungaji mpya, mtu mzuri, anakuja kwa miguu. Mimi huketi nyuma karibu na nguzo, na wakati wa kuomba huwa ninafungua macho nawatazama wengine walivyofumba yao.