Mbwa Wawili Ndani ya Kombi

Mbwa siwapendi, tangu zamani, mniwie radhi. Lakini wale wawili wa Busia nawasikia mpaka leo, hasa adhuhuri jua likikaza.

Ilikuwa enzi ya utawala wa wanajeshi. Nilikuwa nauza chai na mandazi upande wa Uganda, hatua chache kutoka forodhani. Asubuhi moja akaja mzungu mzee kutoka Kenya na kombi iliyokuwa nyumba kabisa: kitanda, jiko, mapazia. Ndani, mbwa wawili. Akaifunga, akaacha kioo wazi kiasi cha vidole viwili, akanikabidhi ufunguo.

"Mama, mimi nakwenda piga muhuri tu. Wakisumbuka, fungulia wao, wapatie maji."

"Haya, baba," nikasema. Mdomo wangu huu! Nikaufunga ufunguo kwenye pindo la leso.

Hakurudi. Nilimwona kwa macho yangu akitolewa mlango wa nyuma wa forodha, akapandishwa gari la jeshi, wakashika njia ya Tororo. Na sisi wa mpakani tulijua: gari la mtu aliyechukuliwa haliguswi. Mwenye duka jirani yangu aliwahi kusaidia kusukuma gari la namna hiyo, na mkewe alikuwa bado anamtafuta.

Walianza kubweka saa nne. Kufika saa sita walikuwa wakikwaruza mlango kwa kucha. Mama mmoja Mkenya, aliyevuka kila siku kuuza nyanya kando yangu, alijua ufunguo ninao.

"Dada, si ufungue? Wanakufa hao!"

"Mimi Mwislamu," nikamjibu. "Mate ya mbwa ni najisi, na mimi nina udhu wangu."

"Na kiu, nayo ni najisi?"

"Usinifundishe dini yangu!"

Lo, nilivyokuwa mkali! Na madrasani nilifundishwa kwamba kumnywesha mbwa mwenye kiu ni thawabu. Haikuwa dini ile. Ilikuwa hofu, nikaivalisha buibui. Yeye akachovya kitambaa kwenye maji, akaenda kukipenyeza dirishani. Askari akamfokea kutoka kwenye kizuizi, naye akarudi akaketi bila kunitazama.

Nikaendelea kumimina chai. Wateja walizungumza kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Alasiri kombi ikanyamaza. Niliswali bila kujua nimesoma sura gani.

Kesho yake walimrudisha mzee, jicho limevimba, viatu hana, wamemwamuru arudi alikotoka. Nikampa ufunguo huku nikitazama chini. Akafungua, akaingia, akakaa humo muda mrefu. Nilitamani atoke anitukane, hata anipige. Nilistahili.

Alipotoka alikuwa amebeba kola mbili tu za mbwa wake mkononi.

"Mama, wao walilia sana?"

Mwuza nyanya aliacha kupanga mafungu yake. Nilihisi macho yake shavuni.

"Hapana, baba. Walilala tu."

"Kweli?"

"Wallahi."

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Asante, mama. Kule wakinipiga, mimi nawaza tu wao nalia, na hakuna mtu nasikia." Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru tena, na tena.

"Si kitu, baba," nikajibu.