Chumvi Aliyokuwa Akiileta Baba

Mwaka ule chumvi iliadimika Mgeta. Duka la kijiji chetu cha ujamaa lilifunguliwa kila asubuhi, lakini rafuni mlikuwa na viberiti tu. Mdogo wangu alikuwa akitema maharage, mama akimbembeleza. Ndipo baba akapanda lori la kabichi kwenda Morogoro mjini kuitafuta.

Aliipata. Aliosafiri nao walisema alishuka barabarani akicheka, kiroba begani, mvua ikinyesha. Njia ya kutelemkia kwetu ni kali hata wakati wa kiangazi. Baba aliteleza, akaporomoka hadi kwenye mawe. Walipomfikia alikuwa ameshakata roho. Walimleta kwenye machela ya miti, na nyuma yao jirani mmoja alibeba kile kiroba. Kilikuwa kimepasuka, nao walikuwa wameizoa chumvi pamoja na udongo mwekundu.

Kesho yake waombolezaji walijaa uani. Wanawake walileta ndizi na maharage, lakini hapakuwa na mwenye chumvi. Bibi, mama yake baba, alikitazama kiroba pale ukutani.

"Kitupeni," alisema. "Hicho kimemuua mwanangu."

Mama, ambaye tangu jana hakuwa ametoa chozi, alinigeukia. Nilikuwa darasa la sita.

"Uliniambia mwalimu aliwafundisha kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Hata chumvi na udongo?"

"Ndiyo, mama. Chumvi inayeyuka majini, udongo hauyeyuki."

"Basi itoe."

Bibi akaguna. Mama akapiga magoti mbele yake. "Mama, alikuwa anaileta nyumbani. Niachie ifike."

Bibi akageuza uso.

Nikamimina vile vitu kwenye ndoo ya maji, nikakoroga kwa mwiko. Maji yakawa mekundu kama matope ya barabarani. Nikayaacha yatulie mpaka udongo ulipozama, nikayamwaga taratibu kwenye sufuria ili nisiutibue. Yalikuwa bado na ukungu, kwa hiyo nikakunja kanga kuukuu mara kadhaa, shangazi akanishikia pembe, tukayachuja, tukarudia tena, yakatoka meupe. Shuleni tulifanya hivyo kwa kikombe kimoja cha maji, tukacheka na kusukumana ili tuone. Siku ile nilifanya mbele ya waombolezaji.

Nikabandika sufuria mekoni. Maji yalipopungua, ukoko mweupe ulianza kushika pembeni, kisha chumvi ikaanza kurukaruka. Nikaondoa kuni.

Mama aliionja kwa ncha ya kidole. Ndipo alipolia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na wanawake wakamshika.

Mwalimu alifika kabla ya mazishi. Alikula, akauliza kwa upole, "Chumvi mmeipata wapi?"

"Marehemu aliileta," shangazi alimjibu. "Huyu mwanafunzi wako ndiye aliyeitoa kwenye udongo."

Mwalimu akaweka sahani chini. Akanishika kichwa.

Tulimzika baba alasiri, mvua imekatika. Bibi alipikiwa ndizi zake kando, bila chumvi, na hakuna aliyemlaumu. Aliendelea kula hivyo hivyo hata baada ya matanga, hata duka lilipopata chumvi tena. Mama alikuwa akimtengea chungu chake kidogo, akimpelekea kwa mikono miwili, nao wakikaa pamoja mlangoni, kila mmoja na sahani yake.